Njia isiyokanyagwa huota majani



Mwezi wa saba mwaka jana nilitembea kwa miguu kutoka mjini Mwanza hadi Kageye, kijiji kilicho ufukweni mwa Ghuba ya Speke, wilayani Magu. Tulikuwa watu 14: vijana 11 wa parokia, akina mama wawili wa WAWATA waliotushinda sote kwa mwendo, na mimi mwenye miaka 56 na goti moja bovu. Tulitumia siku mbili. Kwa gari, safari hiyo ni ya asubuhi moja tu, na chai ya njiani unakunywa.

Hatujafika hata Igoma, kijana mmoja akaniuliza, “Padre, kama shida yetu ni kufika, si tungepanda daladala?” Wenzake wakacheka. Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia, “Tutalijibu tukifika.” Leo naomba nilijibu mbele yako, kwa sababu nadhani swali hilo si lake peke yake.

Wewe unayeishi Mwanza umeyazoea mawe yetu kiasi kwamba huyaoni tena. Ukitembea, yanakurudia. Ukitoka mjini kuelekea Kisesa, vilima vya mawe vinakusindikiza kulia na kushoto, jiwe juu ya jiwe kama yamepangwa na mkono, pimbi wakiota jua juu yake. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba enzi za vita na wizi wa ng'ombe, wanawake na watoto walikimbilia kwenye mawe hayo. Kule chini, watu walizungushia miji yao ua wa minyaa, mnene hata ng'ombe hawezi kupenya. Ngome zetu hazikuwa na saruji. Zilikuwa mawe aliyoyaweka Mungu na minyaa iliyopandwa na babu. Minyaa hiyo bado utaiona njiani, siku hizi ikizungushia bustani ya nyanya.

Majirani zetu wa upande wa pili wa ziwa wana ngome ya aina nyingine. Huko Migori, Kenya, ipo Thimlich Ohinga, kuta za mawe makavu zilizojengwa takriban miaka 500 iliyopita. Mawe hayakuchongwa, wala hakuna udongo au chokaa kati yake. Jiwe limeshikwa na jiwe mwenzake. Sehemu nyingine ukuta unazidi kimo cha watu wawili. Mwaka 2018 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini kinachonigusa mimi ni jambo moja: waliozijenga kuta zile walihama, wakaja wengine, na wengine baada yao, na kila kundi lilikarabati palipobomoka. Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Thimlich, watu waliziba nyufa za kuta ambazo hata hawakuzijenga wao.

Nilikuwa nayawaza hayo tulipopita chini ya kilima ambako akina mama walikuwa wakigonga kokoto, kila mmoja chini ya kivuli cha khanga iliyofungwa kwenye miti. Sikuja kuwalaumu. Kokoto hizo zimejenga nyumba zetu, na kwa kweli zimejenga na makanisa yetu. Mimi mwenyewe nimenunua malori mengi ya kokoto bila kuuliza zimetoka kilima gani. Tuliwasalimu, “Mwangaluka,” wakaitikia bila kuinua nyundo kwa muda mrefu, maana ndoo haijai kwa salamu.

Mbele kidogo tulikutana na mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi. Alipojua kuwa mimi ni padri alifurahi, akatuacha njia kuu akatupeleka kwenye jiwe kubwa lililoinama kama paa. “Wajukuu zangu,” aliwaambia vijana, “hapa babu zenu walichora.” Ndugu msomaji, michoro ya miambani katika maeneo ya Mwanza si jambo geni kwa watafiti, imeshaandikwa katika majarida. Lakini kusoma ni kitu kimoja, na kusimama hapo ni kingine. Tulichokiona kilikuwa alama nyeupe zilizofifia, pengine mtu, pengine mnyama. Juu yake, kwa rangi ya mafuta, kulikuwa na jina la kijana na jina la mpenzi wake, na mwaka 2016.

Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, “Nilipokuwa mdogo yule ng'ombe alikuwa na pembe.”

Maneno hayo yamekaa nami. Hakusema ng'ombe alifutwa na nani. Alisema tu kwamba aliwahi kumwona na pembe zake, na sasa hana mtu wa kumthibitishia.

Nikawasimulia vijana habari niliyoipata kwa padri mwenzangu aliyewahi kuwa masomoni Uingereza. Kusini mwa nchi ile ipo njia ya kale iitwayo Ridgeway, watu huitembea kwa siku kadhaa juu ya vilima. Njiani unapita ngome za udongo zilizochimbwa na watu wa kale juu ya vilele. Karibu na mojawapo ya ngome hizo, mahali paitwapo Uffington, ubavuni mwa kilima, amechorwa farasi mweupe mwenye urefu wa mita 110 hivi. Umri wake ni kama miaka 3,000. Hakuchorwa kwa rangi. Watu walichimba mfereji katika nyasi, wakaujaza chaki, lile jiwe jeupe laini linalopatikana ardhini kwao.

Sasa fikiria. Mchoro wa namna hiyo, juu ya kilima chenye nyasi na mvua, unadumuje miaka 3,000? Haudumu. Ukiuacha, nyasi zinaingia kutoka pembeni, na baada ya miaka michache farasi hayupo. Amebaki kwa sababu moja tu: kila kizazi kilipanda kilimani, kikapiga magoti, kikang'oa majani na kupondaponda chaki mpya juu ya ile ya zamani. Hapo kale wanakijiji waliigeuza kazi hiyo kuwa sikukuu, yenye michezo na chakula. Dola zimeinuka na kuanguka, lugha zimebadilika, dini imebadilika, hata maana ya farasi mwenyewe imesahaulika. Lakini hakuna kizazi kilichokubali afe mikononi mwake.

Binti mmoja akaniuliza, “Kwa hiyo Padre, yule farasi ni wa kale au ni mpya?” Nikamwambia, “Ni wa kale kwa sababu kila mara anafanywa mpya.” Na hapo ndipo nilipoanza kuliona jibu la swali la daladala.

Ndugu msomaji, imani yetu ni mchoro wa namna hiyo. Tunapenda kudhani ni jabali, kwamba ikishawekwa imewekwa. Kristo ni jabali, hilo ni kweli. Lakini namna tunavyomshika, sala ya jioni nyumbani, ishara ya msalaba anayofundishwa mtoto na mama yake, Jumuiya Ndogo Ndogo, kumbukumbu ya waliotuletea Injili, hiyo ni chaki. Majani yanaingia kutoka pembeni taratibu. Hakuna siku utakayoamka na kusema, “Leo imani ya nyumba hii imefutika.” Utashtuka tu siku moja kwamba ng'ombe hana pembe.

Usiku wa kwanza tulilala Bujora, karibu na Kisesa. Wengi wenu mnapajua. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alikuja kule akatazama jinsi Wasukuma walivyoishi, akaona kwamba hakuna sababu ya kuomba kama wageni. Kanisa la Bujora lilijengwa kwa mfano wa nyumba ya mtemi. Baada ya utawala wa watemi kufutwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, ngoma na vifaa vya watemi vilipata pa kuhifadhiwa katika makumbusho pale pale. Na kila mwaka, karibu na sherehe ya Mwili na Damu ya Kristu, hufanyika Bulabo, sikukuu ya maua, ambapo Bagika na Bagalu wanashindana kucheza. Wapo waliomlaumu padri yule na wapo wanaolaumu mpaka leo: ngoma hizi na kanisa wapi na wapi? Mimi nawaambia, ile ni kazi ya chaki. Alichukua mchoro uliokuwa ukififia akaupitishia mkono mbele ya Mungu, huku watu wakicheza.

Siku ya pili tulishika njia ya kuelekea ziwani. Pamba ilikuwa imeshavunwa, mabua yamesimama makavu. Goti langu lilianza kunisema. Mama mmoja wa WAWATA alinikatia fimbo bila kuniuliza. Jua lilipogeukia magharibi tukaona maji, na dagaa walioanikwa mchangani wakimeta kama misumari mipya. Tulikuwa Kageye.

Ukifika Kageye bila kujua habari zake, utaona kijiji cha wavuvi. Lakini mahali pale pamebeba mambo mazito. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipiga kambi hapo na kuiunga mashua yake kabla ya kulizunguka ziwa. Kijana wa msafara wake, Frederick Barker, alifia hapo mwaka huo huo. Mwaka 1877 akafia hapo daktari John Smith, mmisionari wa Kianglikana. Alikuwepo pia Sungoro, mfanyabiashara kutoka pwani, akiunda jahazi. Mali yake ilikuwa pembe za ndovu na watu. Ndiyo, watu. Njia ile ile tuliyoitembea kwa nyimbo, wengine waliitembea kwa minyororo.

Na mwishoni mwa Desemba 1878 walifika Kageye Wamisionari wa Afrika watano, wale tunaowaita Mapadri Weupe: Livinhac, Lourdel, Girault, Barbot na Bruda Amans. Walikuwa wametoka Bagamoyo mwezi wa sita, kwa miguu. Padre Pascal, aliyekuwa na kundi lililoelekea Ziwa Tanganyika, alikufa njiani mwezi wa nane. Januari 1879 Lourdel na Bruda Amans wakapanda mtumbwi kutoka hapo, na tarehe 17 Februari wakashuka Entebbe. Baadhi ya vijana ambao Lourdel aliwafundisha dini waliuawa mwaka 1886 pamoja na wenzao kwa ajili ya Kristo, nasi tunawaadhimisha kila tarehe 3 Juni kama Mashahidi wa Uganda. Mahujaji wanaokwenda Namugongo, wengine kwa miguu kwa siku nyingi, wajue kwamba sehemu ya njia hiyo ilianzia kwenye mchanga wetu huu wa dagaa. Mwaka 1883 wamisionari hao hao walianzisha misheni ya Bukumbi, na kutoka hapo imani ikaenea Usukumani.

Nilipowaeleza hayo, yule kijana wa daladala aliuliza tena, “Na mizigo yao ilibebwa na nani?” Swali zuri kuliko la kwanza. Ilibebwa na wapagazi, watu wa nchi hii, kichwani na mabegani, kutoka baharini hadi ziwani. Majina ya wamisionari watano tunayo. Waliobeba sanduku la vyombo vya Misa hatuwataji katika jubilei zetu. Tuliwaombea pale ufukweni, bila majina.

Sasa naomba nikuambie jambo ambalo sikuwaambia vijana siku ile, kwa sababu niliona aibu.

Katika kigango kimoja nilichokihudumia zamani kulikuwa na katekista mstaafu. Alikuwa ameyashika kichwani majina ya wakatekumeni wa kwanza wa kigango kile, nani alimfundisha nani, misa ya kwanza ilisomwa chini ya mti gani, nani alitoa eneo. Mara tatu aliniambia, “Padre, njoo na daftari.” Mara tatu nikamwambia, “Wiki ijayo, mzee wangu.” Nilikuwa na ujenzi. Nilikuwa na harambee ya mabati, vikao vya kamati, kokoto. Alikufa wakati wa Kwaresima. Nilihubiri vizuri kwenye mazishi yake, watu walisema. Kanisa lile jipya lipo, bati lake linang'aa. Ukiuliza lilianzaje, hakuna mtu wa kukuambia. Daftari langu bado ni jeupe.

Kwa hiyo ninapokuandikia kuhusu majani yanayofunika njia, sikuandikii kama mtu asiye na majani shambani kwake.

Katika sura ya 4 ya Kitabu cha Yoshua, Waisraeli wanapovuka Yordani, Mungu anaagiza watu 12 waokote mawe 12 kutoka katikati ya mto na kuyasimamisha ng'ambo. Sababu inayotolewa ni ya kawaida kabisa: watoto watauliza, na wazazi wajibu. Angalia hapo. Mungu hakuagiza mawe peke yake. Aliagiza mawe na mzazi mwenye jibu. Jiwe bila msimulizi ni kokoto inayosubiri nyundo.

Utaniambia, “Padre, sisi tuna ada za shule, tuna bei ya sukari, hayo ya kale yatatusaidia nini?” Nakuelewa. Lakini tazama matumizi yetu wenyewe. Jubilei ya parokia inapokuja tunapata fedha ya fulana, ya turubai, ya kukodi Coaster na ya vipaza sauti. Kumtuma kijana na daftari kwa mzee wa miaka 90 hakuna bajeti, ingawa gharama yake ni nauli na soda mbili.

Mwingine ataniambia, “Padre, mambo mengine ya wazee ni giza.” Hilo nalikubali kabisa. Si kila mchoro unastahili chaki mpya. Minyororo ya Kageye tuiache ifutike mikononi mwetu, lakini isifutike katika kumbukumbu. Na katika kanda yetu hii ya ziwa, damu imemwagika kwa sababu ya imani za uchawi. Bibi zetu wameuawa kwa panga kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa jiko walilotupikia. Ndugu msomaji, hakuna njia ya haraka ya kufuta mchoro wa taifa kuliko kumuua aliyeukumbuka na pembe zake. Mkristo anayemnong'onezea mganga jina la bibi yake hana haki ya kuinua mikono kwenye Baba Yetu mpaka atubu. Basi tuwe na busara ya kuchagua: hili tulipitishie mkono, hili tuliache majani yalimeze.

Kuchagua huko, hata hivyo, hakuwezekani kwa mtu ambaye hajawahi kupita. Hilo ndilo jibu langu kwa kijana wa daladala. Daladala ingetufikisha Kageye, lakini isingetuonyesha mama wa kokoto, wala mzee wa mbuzi, wala alama nyeupe chini ya jiwe. Wale wanafunzi wawili wa Emau, katika Injili ya Luka, walifunguliwa Maandiko njiani, wakitembea, na mtu waliyedhani ni mgeni. Kama wangekuwa na usafiri wa haraka, labda wangempita.

Sikuombi utembee siku mbili. Goti langu lenyewe halijanisamehe. Naomba jambo dogo. Leo, ukitoka kanisani, kabla ya chakula cha mchana, mtafute mzee mmoja: bibi yako, jirani, katekista wa zamani anayekaa benchi la nyuma. Mpe shikamoo, keti, muulize swali moja tu: imani ilifikaje nyumbani kwenu? Mpeleke mtoto wako asikie jibu. Kama anajua kuandika, mpe kalamu.

Usiseme wiki ijayo. Mimi nililisema mara tatu.

Dominika njema. Mungu awabariki.